Pumzi Niliyoing'ang'ania

Nilianza kujifunza kuogelea nikiwa na miaka 34, na wiki sita zikapita bila kuvuka bwawa la mita 25. Mikono ilikwenda vizuri, miguu nayo hivyo hivyo. Iliyonishinda ni pumzi. Nilikuwa navuta hewa hadi mabega yanapanda, nazamisha uso, nabana. Nikifika katikati kifua kinawaka, nasimama natweta kama niliyefukuzwa na mbwa.

Mwalimu wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Kila nikiibuka: "Toa hewa ndani ya maji." Nikamwona hanielewi. Mimi naishiwa, yeye anataka nimwage hata hiyo kidogo iliyobaki?

Kilichonifungua macho ni kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu. Kilikuwapo nyumbani tangu mama alipougua mapafu. Jioni moja nikakaa kitini, nikakivaa, kikasoma asilimia 98. Nikabana pumzi, macho kwenye saa ya ukutani. Sekunde ya 20, shwari. Ya 40, koo linajikaza, tumbo linarukaruka lenyewe. Ya 50 nikaachia kwa kishindo. Kidude? 98. Nikasubiri, maana damu huchelewa kidogo kufika kidoleni. Kikagusa 97, kikarudi.

Kumbe nilipokuwa najiona nakufa, oksijeni ilikuwa tele. Seli zetu huitumia kuunguza chakula ili zipate nguvu, na taka inayobaki ni maji na kabonidayoksaidi. Gesi hiyo ikirundikana, damu inazidi asidi, na shina la ubongo, ambalo halisinzii hata tukilala, linaiamuru misuli: pumua sasa! Kengele ile hulia kwa sababu ya taka, muda mrefu kabla oksijeni haijapungua. Hewa tunayovuta ina asilimia 21 ya oksijeni. Tunayotoa bado ina kama 16. Ndiyo maana unaweza kumpulizia mtu mdomoni ukamwokoa.

Na zile pumzi fupi fupi nilizokuwa nazivuta ukingoni? Kazi bure, au karibu na bure. Mtu aliyetulia huvuta kama nusu lita kwa pumzi moja, na katika hiyo mililita 150 hivi huishia kooni na kwenye mirija, hazifiki kwenye vifuko vya hewa ambako damu huchukua oksijeni. Ukivuta kidogo kidogo unasukuma hewa ile ile ya mirijani, mbele na nyuma.

Mabega nayo nikayapa likizo. Mapafu hayajivuti yenyewe. Kazi kubwa hufanywa na kiwambo, msuli mpana ulio chini yake. Kikishuka kifua kinapanuka, hewa inaingia. Nikawa nalala chali usiku, kiganja juu ya kitovu, mpaka nikauona mkono ukipanda kabla ya kifua.

Bwawani nilirudi ukingoni kama mtoto: nashika ukuta, nazamisha uso, naguna "mmm" puani, viputo vinatoka taratibu. Nikigeuza kichwa, mapafu yana nafasi tayari, kilichobaki ni kuvuta tu. Awali nilikuwa nataka kutoa na kuvuta katika ule mpepeso mmoja ambao mdomo uko juu ya maji.

Nilijaribu pia ujanja wa kuhema haraka haraka kabla ya kuzama ili nikae chini zaidi. Mwalimu, kwa mara ya kwanza, alifoka. Ukifanya hivyo unafukuza kabonidayoksaidi, kengele inanyamaza, oksijeni inashuka bila wewe kujua, unazimia majini. Sikurudia.

Alhamisi iliyofuata nilihesabu: mikono mitatu natoa, nageuka, navuta. Vidole vikagonga kigae cha upande wa pili nikiwa bado naguna.