Kioo cha kinyozi ndicho kilichonisomea makaburi

Kila niliyemweleza kwamba nataka kuokoa makaburi ya kanisa letu, huku Dagoretti, alinipa ushauri, na mpaka leo ushauri huo unaniuma. Fundi mmoja wa vigae, tena mtu mwema, aliniambia mawe ya zamani hayataki huruma: asidi kidogo, brashi ya waya, yatang'aa kama ya jana. Nikamwamini. Nilianza na jiwe la marumaru nyeupe ambalo uso wake ulishachakaa ukawa chengachenga kama sukari. Asidi ikachemka, povu likapanda, na nilipomwaga maji, mstari wa mwisho wa maandishi ukateremka nayo ukiwa uji mweupe. Nikabaki nimeshika brashi. Mstari ule ulikuwa na jina, na hakuna aliye hai anayelijua.

Jamani, asidi na dawa ya kung'arisha nguo zisikaribie makaburi. Hata jiwe lisipochemka, chumvi hubaki ndani yake, na ikikauka humenya uso wa jiwe kidogo kidogo kwa miaka. Maji matupu na brashi laini ya nailoni yanatosha. Anza chini ukipanda juu, usije ukaacha michirizi ya uchafu.

Ruhusa nilizipata: wazee wa kanisa, chifu, na ofisi ya wadi pia, maana Katiba ya 2010 iliyaweka makaburi kwenye kazi za kaunti. Vijana wakaja na mapanga na slasha, tukafyeka michongoma. Gharama sikuiandika, labda elfu sita pamoja na chai na mandazi. Miti tuliikata usawa wa ardhi, hatukung'oa visiki, kwa sababu mizizi ikitoka hutoka na kaburi.

Kosa la pili lilikaribia kutokea siku hiyohiyo. Vijana walikuwa wakikusanya mawe madogo yasiyo na maandishi, wayatupe nje ya ua. Shosho mmoja, bibi mzee aliyekuwa amekaa kivulini, akapaza sauti: "Rudisheni! Hao ni watu." Asiyekuwa na pesa ya kuchongesha jina aliwekewa jiwe la shambani kichwani, basi. Mengine tuliyarudisha kwa kufuata mabonde madogo kwenye nyasi, pale ardhi ilipotitia. Zamani kwetu Wakikuyu, waliozikwa hasa ni wazee wenye mali. Wengi walipelekwa porini. Wamisheni wa Scotland walipofika Thogoto mwaka 1898 na dini ikaenea, ndipo mtu wa kawaida alipoanza kuwa na mahali pa kuonyeshwa: huyu yuko hapa. Ndiyo maana mawe hayo madogo nayahesabu sawa na marumaru.

Sasa kioo. Yalibaki mawe kama ishirini ya aina ile ya kujengea nyumba, yameliwa na mvua hadi ukiyatazama huoni kitu. Nilishauriwa nipake chaki, nipake unga, nichonge herufi upya. Nilikataa yote, nikaenda kwa kinyozi wangu kuazima kioo kirefu cha ukutani. Saa tano asubuhi, jua limewaka, kijana mmoja akakinga jiwe kwa blanketi lisipigwe na jua moja kwa moja. Mimi nikasimama na kioo ubavuni, hatua nne hivi, nikaurusha mwanga upite ukiparuza uso wa jiwe kama mtu anayepangusa meza. Nikainamisha kioo kidogo, nikarudisha. Herufi zikainuka! Kila mchongo ulishika kivuli chake. Kwanza A, kisha K, kisha neno zima: AKUIRE, yaani alifariki, na chini yake 1918. Jiwe la pembeni, mwaka uleule. Ni mwaka wa homa kubwa ya mafua iliyoenea duniani.

Niliwaita wote. Piga picha mwanga ukiwa umetulia, na andika herufi kama zilivyo hata kama tahajia ni ya kale. Orodha tumeiweka kanisani, nakala kwangu, nyingine kwa mzee wa kijiji.

Shosho aliletwa kwa kiti. Nilimsomea majina mawili, la tatu akalimalizia yeye kabla sijafika mwisho. Mwenye jina hilo alikuwa dada wa mama yake. Akaniambia, "Shikilia kioo hapohapo, mwanangu," nami nikashikilia mpaka mkono ukafa ganzi.