Karavani letu limebaki mifupa

Leo mimi na mume wangu tumemaliza kubomoa ndani ya karavani (nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari) la zamani tulilolinunua Mufindi, ambako lilikuwa limeegeshwa nyuma ya ghala kwa miaka mingi.

Kwa nje bado linapendeza, kwani alumini haishiki kutu kama chuma.

Tatizo lilikuwa limejificha: maji ya mvua yalikuwa yakipenya kwenye maungio ya paa na pembe za madirisha, yakiteremka polepole hadi kwenye fremu ya mbao, na kwa ukungu na baridi ya huku, mbao ikishalowa haikauki upesi. Baba Neema alipobandua plaiwudi ya ubavuni kwa mtaimbo, nguzo ya kona ilimomonyoka mkononi mwake kama mkate uliochovywa kwenye chai.

"Mama Neema, hii nyumba ilikuwa imeshikiliwa na rangi tu," akasema, nami nikacheka huku nimeziba pua.

Kilichonigusa zaidi ni alama za penseli tulizozikuta nyuma ya kabati: vipimo vya inchi, mshale mdogo, na hesabu ya kujumlisha ambayo fundi aliikosea, akaikata na kuiandika upya pembeni.

Kipande hicho nimekataa kisichomwe.

Kesho tunafuata mbao za paini Mafinga. Mimi nataka zipakwe dawa kwanza. Mwenzangu anashikilia kwamba zikikauka vizuri zinatosha. Ninyi mliojenga kwa mbao huku Nyanda za Juu, mnasemaje?