Hiyo Milioni ya Uingereza Mnayoitaja

Sauti za WhatsApp kutoka Chake na Ng'ambo, Zanzibar, kuja kwetu tulioko Uingereza hazikatiki: nyinyi huko serikali inakulipeni mkikaa, milioni na zaidi kila mwezi, laki mbili za sikukuu zinakushindeni nini? Maneno haya yanaudhi, khasa yanapomfikia mtu anayebana umeme mpaka giza liingie kabisa ndipo awashe taa. Basi tuhesabu.

Posho yenyewe inaitwa Universal Credit, malipo ya serikali kwa asiye na kazi au mwenye kipato kidogo. Kwa mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, mtu peke yake mwenye miaka 25 au zaidi alipangiwa pauni 400.14 kwa mwezi, aliye chini ya hapo pauni 316.98, mke na mume ambao angalau mmoja amefika 25 pauni 628.10. Kwa shilingi ni milioni na ushee, kweli, lakini haitumiki soko la Darajani, Unguja. Ni pauni 13 kwa siku, na humo ndimo mnamotoka chakula, umeme, gesi, maji, nauli na simu. Umeme peke yake una ada ya zaidi ya nusu pauni kila siku, uwashe usiwashe. Kwenye mita ya kulipia kabla, ukikaa siku bila ya kuongeza, ada inakusanyika kuwa deni. Ukija kutia pauni 10, sehemu imeshaliwa. Wenye tukuza, mita za umeme wa kulipia kabla huko Zanzibar, wataelewa nusu ya uchungu huo.

Nyumba ina hesabu yake mbali, na hapo ndipo watu wanapoumia. Ukikodi kwa mtu binafsi, msaada wa kodi wa serikali haufuati kodi unayotoa bali kiwango cha eneo, kilichopangwa kifikie nyumba 30 za bei ya chini katika kila 100. Kiwango hicho kilirekebishwa Aprili 2024, kisha kikagandishwa, na wenye nyumba wakaendelea kupandisha. Chukua kodi ya 900 na kiwango cha 750: hizo 150 zinatoka kwenye ile 400. Mtu amebaki na 250, na bado hajala.

Tena hailipwi papo hapo. Unahesabiwa mwezi mzima, halafu siku 7 za malipo kuingia. Wiki 5 huna kitu. Malipo ya awali yapo, lakini ni mkopo, na unakatwa kidogo kidogo kwa muda unaofika miezi 24. Tangu Aprili 2025 makato ya madeni mengi yamewekewa kikomo cha asilimia 15 ya kiwango cha msingi, badala ya 25. Ni nafuu, ila bado ni pauni 60. Aliyeachishwa kazi aangalie tarehe: mshahara wa mwisho ukiingia benki baada ya kuomba, unahesabiwa ndani ya mwezi wa kwanza na posho inapungua au inafutika. Aghalabu ni bora uingie kwanza ndipo uombe.

Linalonikera zaidi ya udogo wa kiwango ni namna kinavyopandishwa. Nyongeza huja kila Aprili, kwa kufuata mfumuko wa bei wa Septemba iliyopita. Aprili 2022 posho iliongezwa asilimia 3.1, na mwezi huohuo bei zilikuwa zimepanda asilimia 9. Oktoba zikafika 11.1. Nyongeza ya 10.1 ikaja Aprili 2023, baridi imeshapita na madeni yameshaingia. Kuziba pengo, serikali ilitoa pauni 650 mwaka 2022 kwa kila kaya yenye posho: mtu peke yake 650, mama mwenye watoto watano 650. Hiyo si haki, na aliyeipanga alijua kuwa watoto wanakula.

Kwetu nako tujisemee. Pensheni jamii ya Zanzibar ilianza Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa mkaazi mwenye miaka 70 au zaidi, na katika jambo moja imeishinda Universal Credit: haiulizi una mikarafuu mingapi. Mzee wa Micheweni na mzee wa Mji Mkongwe wako sawa, na hakuna wa kuonewa haya. Najivunia hilo. Lakini 20,000 ile ilikaa miaka bila ya kuguswa huku mchele na unga vikipanda, mpaka ilipofikishwa 50,000. Kiwango kipandishwe kwa kanuni kila mwaka, wazee wasisubiri hotuba.

Wanaojiandaa kuja huku wajue kwamba visa nyingi za kazi na masomo zina sharti la kutogusa fedha za umma. Universal Credit, posho ya watoto na nyumba za baraza la mji hazikuhusu, na ukizichukua unaweza kuharibu ukaazi wako. Malipo ya ugonjwa na ya uzazi kutoka kwa mwajiri hayamo katika katazo hilo, yadai. Hospitali nayo umeshailipia: pauni 1,035 kwa mwaka kwa watu wazima wengi wanaokuja kwa kazi, zinatolewa pamoja na maombi ya visa.

Na mliokwishapata haki ya posho, kiwanja chako cha Unguja, cha Fuoni au Tunguu, kinahesabiwa kuwa mali yako. Akiba na mali zikizidi pauni 6,000 posho inapungua, zikizidi 16,000 inakatika. Kitajeni mapema, kisipotajwa kinageuka deni, pengine kesi. Safari ya nyumbani isizidi mwezi mmoja. Akifariki mtu wa karibu mkiwa huko, unaweza kuongezwa mwezi mwengine, lakini lazima uwaarifu.

Wazee wanaotaka kurudi Unguja na pensheni yao ya Uingereza, hili waliulize kabla ya kukata tiketi: Tanzania haimo katika nchi zinazopata nyongeza ya kila Aprili. Kiwango unachoondoka nacho ndicho utakacholipwa miaka yote utakayokaa huko, hata mchele ukipanda mara tatu.