Gugu karoti kwenye mahindi: ukisubiri palizi ya pili umechelewa

Ardhi ikiwa na unyevu, gugu karoti linahitaji wiki 4 hadi 6 tu tangu kuota mpaka kuchanua. Sasa tazama ratiba ya kawaida ya shamba la Arumeru au Hai, kaskazini mwa Tanzania: mahindi yanapandwa katikati ya Machi, palizi ya kwanza inafanyika wiki ya 2 au ya 3, ya pili inasogezwa hadi wiki ya 6 au ya 7 ili iende pamoja na urea. Gugu lililoponyoka kwenye palizi ya kwanza litakuwa limeshachanua. Mmea mmoja ulionawiri unaweza kutoa mbegu hadi 25,000, nazo hukaa hai ardhini miaka kadhaa. Kwa hiyo palizi ya pili isivuke wiki ya 5, hata kama mbolea haijafika. Urea inaweza kuja baadaye, ua halisubiri.

Gugu hili asili yake ni Amerika ya Kati na nchi zinazozunguka Ghuba ya Meksiko. Hapa nchini lilitambuliwa Arusha mwaka 2010, na tangu hapo limeenda kila gari na kila ng'ombe walipoenda. Likiwa changa limelala chini, majani yake yamechanika kama ya karoti. Hiyo ndiyo hatua ya kulimaliza. Baadaye linanyanyua shina lenye michirizi, linafika kifuani au zaidi, na juu linajaa vichwa vidogo vya maua meupe.

Palizi ya jembe iwe ya juujuu, sentimita 3 hadi 5. Mbegu za gugu karoti huota zikiwa karibu na uso wa udongo. Ukichimba kwa kina unazika za mwaka huu na kufukua za miaka iliyopita. Jambo la pili ni kitako, pale majani yote yanapotokea. Jembe likipita juu yake, mmea unachipua upya na kuchanua ukiwa mfupi, bila kuonekana kirahisi. Kufyeka kuna kasoro hiyohiyo. Wanaosafisha kingo za shamba kwa panga wanapata wiki mbili za kupendeza, kisha zulia la maua meupe.

Kung'oa kwa mkono kunafaa udongo ukiwa na maji, mzizi utoke mzima. Vaa glavu, mikono mirefu na barakoa. Mmea huu huwasha ngozi mpaka inapasuka, chavua yake huamsha pumu, na mtu aliyeugusa misimu miwili bila kudhurika anaweza kuanza kuvimba msimu wa tatu. Watoto wasitumwe kazi hii. Magugu yasiyo na maua unaweza kuyaacha yakauke kati ya mistari, lakini yenye maua yatoke shambani ndani ya kiroba, yakaushwe na kuchomwa. Kuyarundika mpakani ni kupanda mbegu kwa jirani.

Mahindi yenyewe yanasaidia yakifunga kivuli. Angalia shamba lolote lililovamiwa: gugu limeshika pale mashimo yalipokosa mche. Rudishia mbegu mapema, ndani ya wiki moja baada ya mahindi kuota, na shika nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo. Ngwara, zao la jamii ya kunde linalotambaa, ikipandwa katikati ya mistari wiki 2 hadi 4 baada ya mahindi hufunika ardhi hata mahindi yakishakatwa, na kwa maoni yetu hakuna dawa ya magugu inayoifikia kwa kazi hiyo. Tatizo ni kwamba ukishaweka ngwara au maharage, umejifungia mlango wa dawa nyingi.

Hapo ndipo watu wengi huunguza shamba. 2,4-D inaua magugu ya majani mapana na kuacha mahindi, lakini maharage, ngwara na alizeti nazo zina majani mapana. Atrazini nayo huua maharage, na mabaki yake yanaweza kudhuru zao litakalofuata. Kwa mahindi peke yake, 2,4-D ipulizwe mahindi yakiwa na majani 4 hadi 6, gugu likiwa bado limelala chini. Ukichelewa mpaka yapite magoti, mashina yanakuwa mepesi kukatika kwa upepo na mizizi ya juu inaota ikiwa imegandana. Usipulize kukiwa na upepo: nyanya ya jirani itajikunja majani kwa ukungu wa dawa usiouona hata kwa macho. Bomba la 2,4-D libaki la 2,4-D. Kulisuuza mara moja kwa maji hakutoshi kulifanya salama kwa mbogamboga.

Glaifosati, dawa inayoua mimea karibu yote, ni ya kabla ya kupanda tu, juu ya magugu yaliyokwisha kuota. Ikigusana na udongo inakosa nguvu, kwa hiyo maji ya mfereji yenye tope hayafai, na magugu ya kando ya barabara yaliyojaa vumbi hayafi vizuri mpaka mvua iyaoshe. Isitumiwe peke yake mwaka hadi mwaka, maana gugu karoti sugu kwa glaifosati limeshathibitishwa Amerika ya Kusini.

Kipimo kisikisiwe. Pima mraba wa mita 10 kwa 10, weka maji matupu kwenye bomba, puliza kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji yaliyopungua. Ekari moja ni karibu miraba 40 ya namna hiyo. Kama umetumia lita 2, ekari itahitaji lita 80, yaani mabomba 5 ya lita 16. Kibandiko kikisema nusu lita ya dawa kwa ekari, kila bomba linapata mililita 100. Kifuniko cha chupa si kipimo. Tumia nozeli inayotoa maji bapa, yaliyotanuka kama upepeo wa mkono. Inayotoa duara ni ya dawa za wadudu. Kabla ya kununua, hakikisha dawa imesajiliwa na TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), ambao makao yao makuu yako hapahapa Arusha.

Halafu kuna miezi ambayo hakuna anayeangalia shamba. Mahindi yakivunwa, jua linafika chini, unyevu uliobaki unatosha, na gugu linaota bila mshindani. Mifugo inaingia, inakula mabua na majani mengine, inaliacha hilo. (Ng'ombe akilazimika kulila, maziwa yanakuwa machungu.) Mvua za vuli zikija, shamba lililopumzishwa linatoa mbegu nyingi kuliko zote zilizong'olewa masika. Kupita shambani kila baada ya wiki 3, kuanzia mavuno hadi Januari, ndiyo palizi yenye faida kubwa zaidi, ingawa hakuna anayeilipia kibarua.

Gugu lenyewe huingia kwa njia chache zinazojulikana. Trekta ya kukodi ipigwe brashi na kusafishwa plau kabla ya kuingia, hasa ikitoka shamba ambalo hulijui. Mchanga na kokoto za ujenzi viwekwe mahali pamoja na pakaguliwe. Samadi mbichi ndiyo mbaya zaidi. Irundike, iloweshe, igeuze mpaka isipate joto tena. Ukitaka kujua kama iko tayari, jaza karai moja, imwagilie kila siku kwa wiki 2 ikiwa juani, na uone kinachoota.