Siku moja na seli zinazolala

Saa kumi na moja alfajiri, Boston, Januari. Chai ya rangi, treni, theluji. Saa kumi na mbili na nusu nimeshavaa koti na glavu. Kwetu Temeke wananiita daktari wa kansa. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, na kazi yangu haina tofauti sana na kufuga kuku: nalisha seli, nasafisha banda, nahesabu waliokufa. Mpaka saa mbili nimelisha chupa ishirini na nne.

Saa tatu nafika kwenye chupa nne za rafu ya chini. Humo mlikuwa na mamilioni ya seli za saratani ya mapafu, tukazimwagia gefitinib, dawa ya saratani hiyo, siku tisa. Karibu zote zikafa. Mwaka 2010 watafiti wa hapa hapa Boston walikuta kama seli 3 tu katika kila 1,000 zinapona namna hii. Hazina nguvu za ajabu, zimelala. Dawa inakata amri ya kukua, nazo hazikuwa zikiisikiliza amri hiyo. Ukiiondoa dawa, zinaamka.

Chanjo tunayoijaribu dhidi ya seli hizi haimkingi mtu asiugue. Inawafundisha askari wa damu, seli T, kuitambua sura ya seli hiyo. Mwizi akilala, sura yake anayo bado.

Sasa, chakula cha seli kina rangi nyekundu. Seli zinazokua hukigeuza njano kwa siku chache. Zilizolala hazili sana, chakula kinabaki chekundu. Leo chupa ya tatu ni njano. Moyo ukaruka: zimeamka? Nikaiinua kwenye mwanga. Ukungu, kama maji ya kuoshea mchele. Kwenye hadubini, vijidudu vinatetemeka kila mahali. Bakteria.

"Jana nilichungulia tu," anasema kijana mmoja wa uzamivu. Kuchungulia na kifuniko wazi! "Si unaanzisha nyingine?" Nyingine ni siku tisa, ndugu yangu, na seli T za kujaribia zimeshaiva. Nililea wiki nzima seli za dendriti, walimu wa hizo seli T, kutoka damu ya mtu aliyejitolea. Haziwezi kunisubiri. Nikamimina jiki ndani ya chupa, ile njano ikapauka, nikakosa hata hamu ya kumjibu.

Kuanzia hapo saa sikuziangalia. Kubandua seli kwenye chupa tatu, kuhesabu moja moja kwenye kioo, kidole kikibonyeza kihesabio, tik, tik, kuhesabu tena kwa sababu hesabu haikukubaliana. Shingo ikawaka. Nilitaka kujaza visima kumi na viwili, vile vishimo vya kisahani cha kujaribia. Seli zikatosha saba.

Katikati Mama akapiga, kwao usiku.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Jirani yetu imemrudia ile ya titi. Miaka minane! Ilikuwa imejificha wapi?"

"Mara nyingi huwa kwenye uboho wa mifupa, Mama."

"Na hiyo chanjo yenu?"

Nikamwambia bado iko kwenye visahani. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula.

Giza limeshaingia nilipoingiza kisahani kwenye inkubeta. Majibu ni kesho. Nikabandika karatasi mlangoni, herufi kubwa: USIGUSE. Yule kijana akapita, akauliza maana yake. Nikamwambia ni jina la bibi yangu.