Tulipokwenda Kuposa Mumias

Treni ilituteremsha Nairobi, tukashika matatu ya Nakuru. Msafara ulikuwa wa kifamilia: kakangu, mkewe, kijana wao anayetaka kuoa, na mimi shangazi mtu, ambaye kwa desturi yetu hasemi mengi kwenye posa lakini asipokuwepo watu huuliza. Binti anatoka Mumias, magharibi mwa Kenya. Ni Mwislamu kama sisi, kwa hivyo nyumbani Mombasa hakuna aliyeona tatizo. Dini moja, Kiswahili kimoja, kuna nini tena?

Mimi nilikuwa na langu moyoni. Ni mwalimu, na darasani kwangu wamo watoto wengi ambao wazazi wao walikuja pwani kutoka magharibi kufanya kazi bandarini na viwandani. Kwa miaka nimewaona watoto hawa wakiitwa mbele ya mwalimu wanainamisha macho, na mwalimu anapandwa na hasira: "Niangalie nikizungumza nawe!" Mtoto anazidi kuinama, na mwalimu anazidi kuamini kwamba anafichwa jambo. Nilitaka kuiona heshima hiyo ya macho kule ilikozaliwa.

Nakuru tulifika mchana. Tangu Desemba 2021 Nakuru ni jiji, na steji yake ni mahali pazuri pa kutazama watu, kwa sababu kila kabila la Kenya lina mtu wake pale. Makanga wanazungumza kwa mikono kupita kelele za honi. Vidole viwili juu, nafasi zimebaki mbili. Kofi moja kwenye bodi ya gari, simama. Makofi mawili, twende. Karibu na tulipokuwa tumeketi alikuja mama wa Kimaasai na mtoto wa kiume wa miaka kama sita. Palikuwa na mzee wa kwao kwenye benchi. Mtoto alimwendea bila kuambiwa, akasimama mbele yake, akainamisha kichwa. Mzee akaweka kiganja juu ya utosi, akasema neno, akakiondoa. Mtoto akarudi kwa mamake anatabasamu.

Wifi yangu alitazama yote hayo. Yeye ni wa Lamu, amelelewa kubusu mikono ya wakubwa, na ungemwona jinsi uso ulivyomlainika. "Kumbe ni shikamoo hiyo," akasema. Ndiyo, ni shikamoo ya kichwa. Lakini salamu hiyo ukiipeleka Thailand utamuudhi mzazi, kwa maana kule kichwa ndicho kiungo kitukufu kuliko vyote, na mgeni hamgusi mtu utosini, hata awe mtoto mdogo.

Kutoka Nakuru hadi Kisumu barabara inapanda baridi, Salgaa, Mau Summit, kisha Kericho na chai yake ya kijani hadi macho yachoke, halafu unateremka Ahero kwenye mpunga na joto linakupokea kama la kwetu. Nililala sehemu kubwa ya njia.

Kisumu tulilala usiku, na jioni ile tulikwenda Dunga, kando ya ziwa, kula samaki. Hapa nataka nisimame kidogo kwa yule mama aliyetukaangia. Alikuwa mbele ya karai kubwa la mafuta, ameshika ngege kwa mkia, anamteremsha pole pole ili mafuta yasiruke. Mpwa wangu akamuuliza, "Mama, huyu ni wa leo?" Hakujibu. Alipandisha nyusi, mara moja, haraka, macho yakabaki kwenye karai. "Na wa mia nne yupo?" Nyusi tena. "Utatuwekea na kachumbari?" Nyusi. Kakangu alianza kununa, akaona mama huyu hana haja na wateja. Kijana wa meza ya pili akacheka kwa upole: "Mzee, ameshakubali yote." Na kweli, sahani zilikuja zikiwa na kila tulichoomba, na mama mwenyewe akaja kutunawisha mikono kwa maji ya moto, ameinama kidogo, mkono wa kushoto umeshika kigasha cha mkono wa kulia unaomimina.

Nyusi zinazopanda kwa maana ya ndiyo utaziona kando ya ziwa na ng'ambo Uganda pia. Mwaustria Irenäus Eibl-Eibesfeldt, mtafiti wa tabia, alizunguka na kamera mabara kadhaa katika karne ya 20 akipiga filamu za watu wanaosalimiana, akakuta kupandisha nyusi kwa nukta ya sekunde ni salamu ya karibu katika jamii zilizo mbali sana. Ila maana ya ziada kila watu wamejipangia. Ugiriki na Uturuki, nyusi zikipanda pamoja na kichwa kurudi nyuma, huku ulimi ukigonga meno, jibu ni hapana. Yule mama wa Dunga angefungua kibanda Istanbul wateja wangeondoka na njaa.

Na Kisumu wanashikana mikono sawasawa. Pwani mkono tunaupa kwa ulaini, tunaugusa kifua, basi. Kule viganja vinakutana kwa mlio, na mkono haurudishwi. Mwenyeji aliyetuelekeza nyumba ya kulala wageni alimshika kakangu mkono tangu "habari" hadi alipomaliza kueleza kona zote, na kakangu, Mungu amzidishie, aliuacha palepale. Wanaume wa pwani nao hutembea wameshikana vidole barabarani bila mtu kugeuka, kwa hivyo hilo halikumpa shida.

Asubuhi tulipitia Kakamega. Jambo nililolisafiria nililiona pale steji, kabla hata hatujafika Mumias.

Matatu ilikuwa imejaa karibu yote, sisi tumeshaketi. Mbele yetu kwenye kiti cha watu wawili alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amevaa koti, pembeni yake nafasi moja. Mama wa makamo akapanda, kikapu mkononi, akainua macho kutafuta pa kukaa. Akamwona yule mwanamume. Sijawahi kuona mtu akigeuka kwa haraka na kwa adabu namna ile. Alishusha macho, akavuta leso ikafunika bega na upande wa uso, akateremka kinyumenyume. Yule mwanamume naye akawa ameshasimama, kichwa kimegonga paa, anatazama dirisha la upande wa pili, miguu anaivuta apate kupita bila mkono wake kumgusa mtu. Makanga hakuuliza hata swali moja. Alimhamisha abiria wa nyuma mbele, akampa yule mama kiti cha nyuma kabisa, na mwanamume akaenda kukaa na dereva. Gari zima lilinyamaza, kisha mazungumzo yakaendelea.

Mpwa wangu akaninong'oneza, "Shangazi, wana ugomvi?" Mama niliyeketi naye akasikia. "Ugomvi wa nini? Huyo ni mkwewe." Akatueleza hadi Shianda. Kwao Waluhya, mwanamume na mama aliyemzaa mkewe hawapeani mkono, hawaketi bega kwa bega, hawali sahani moja, hawatazamani usoni. Akimwona njiani hupisha. Baba mkwe na mke wa mwanawe wana mipaka kama hiyo. "Yule mama angeketi pale," akasema, "angekuwa amemvunjia heshima, na bintiye angeona haya kwa ajili yao."

Fikiria mtu wa kwetu analisikiaje hilo. Katika Uislamu mama mkwe ni maharimu wa mume wa bintiye milele, yaani hawawezi kuoana kamwe. Hakuna sheria inayomzuia kumpa mkono, na Mombasa kijana akifika ukweni huinama akabusu mkono wa mama mkwe mbele ya watu wote, na asipobusu ndipo panapokuwa na maneno. Mpwa wangu alikuwa amejiandaa kubusu. Wifi alikuwa amemfundisha hadi namna ya kuushika mkono huo.

Mumias si ugenini kabisa kwa watu wa pwani. Misafara ya Waswahili ilikuwa ikipumzika hapo katika karne ya 19, ikielekea Uganda, na Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga kuanzia 1882, aliwapokea. Uislamu wa mji ule ni wa zamani kuliko reli. Mumia alifariki 1949, na mji umebaki na jina lake. Nilipoiona misikiti na wanawake waliojifunga leso kama zetu, miwa ikiwa pande zote, nilihisi tumefika kwa jamaa.

Walitupokea vizuri mno. Wasichana walikuja na maji, wakapiga magoti kidogo wakimpa kakangu kikombe. Wazee wakaketi na kakangu na mpwa wangu sebuleni. Sisi wanawake tukaingizwa chumba cha ndani, na mama wa binti akatukumbatia, akacheka, akatushika mashavu. Lakini sebuleni hakutoka. Mpwa wangu alipofikishwa mlangoni kusalimia, mama yule alisogea nyuma ya pazia, akajibu salamu kutoka huko huko kwa sauti ya chini, na mpwa wangu, ambaye somo la matatu lilikuwa bado bichi kichwani, aliinamisha kichwa, akaweka mkono kifuani, akarudi alikotoka.

Wifi alikasirika. Alinivuta kando akasema, "Mwanangu hakupewa hata mkono. Hawamtaki." Alikuwa ameyasikia yale ya Kakamega kwa masikio yake, na bado moyo wa mama haukukubali, kwa sababu kwake mkono usiotolewa umekuwa tusi tangu utotoni, na mwili haubadiliki kwa maelezo ya saa moja. Nilimwambia atazame miguu ya yule mama chini ya pazia: alikuwa amevua viatu vyake, amesimama wima kama mtu aliye mbele ya mkubwa. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu. Mwanetu alikuwa amepewa daraja la juu kuliko wageni wote mle ndani, na ndiyo maana yeye peke yake hakuguswa.

Baada ya chakula nilikaa na mjomba wa binti, mzee mstaafu aliyefanya kazi ya karani na mkalimani mahakamani. Nikamweleza kuhusu watoto wa darasani kwangu. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Alisema amewaona watu wazima wakipata taabu hiyo hiyo kizimbani. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai nchini Kenya inamtaka hakimu anayeandika ushahidi aandike pia maoni yake, kama anayo, kuhusu mwenendo wa shahidi wakati akihojiwa. Bibi wa kijijini amesimama mbele ya hakimu, mtu mkubwa. Amtazame machoni? Amefunzwa maisha yake yote kwamba kumkodolea macho mkubwa ni ujeuri. Anatazama sakafu, anasema kweli tupu, na wakili wa upande wa pili anasema, mheshimiwa, tazama anavyokwepa.

Hili linaniuma, na nitalisema wazi. Mwaka 2006 ilichapishwa kazi ya watafiti waliouliza watu wa nchi 58 unamjuaje mwongo, na jibu lililoongoza lilikuwa moja: hakutazami machoni. Mwaka huo huo, watafiti Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya majaribio mengi ambamo watu walitakiwa kutambua nani anasema kweli na nani anadanganya. Walipata wastani wa asilimia 54, yaani afadhali kidogo ya kurusha sarafu. Dunia nzima inaamini macho yanamsaliti mwongo, na dunia nzima karibu inabahatisha. Halafu tunamwadhibu mtoto wa darasa la nne kwa macho yake. Nilikwisha kuliweka jambo hili mezani katika kikao cha walimu, na nitaliweka tena, mpaka liandikwe katika kanuni zetu: mtoto anayeinamisha macho aulizwe swali lake kwa upole, na asilazimishwe kutazama.

Nyanya wa binti alikuja jioni kutuonyesha alivyomlea. Alipotaka kusema alikuwa mrefu kiasi gani alipokuja kuishi naye, alisimamisha mkono, vidole vikielekea juu. Mpwa wangu naye, akieleza kuhusu mdogo wake, aliulaza mkono, kiganja chini. Nyanya akaukamata mkono ule hewani akausimamisha mwenyewe, anacheka. Kiganja cha kulaza ni cha kupimia mbuzi na ndama. Mtoto unamwachia juu wazi akue. Meksiko na Kolombia nako mkono wa binadamu husimama na wa mnyama hulala, bila ya kwamba kuna aliyemfundisha mwenzake.

Posa ilikubaliwa. Mahari ilisemwa na wanaume na sitaiandika hapa. Kilichochukua muda ni mpango wa harusi, kwa kuwa itafanyika Mombasa, nyumbani kwetu, ambako bwana harusi akishafungishwa nikaha huingia ndani kwa mkewe, na wakwe wote wa kike wamejaa chumbani. Aliyelipatia ufumbuzi ni wifi, yule yule aliyekuwa amenuna asubuhi. Mama wa binti ataketi chumba cha pili na mimi, mpaka kijana aingie, amshike mkewe utosini, asome dua, atoke kwa mlango wa uani. Kisha mama atakuja kwa bintiye. Chakula chake kitapakuliwa mbali na cha mkwewe. Basi la wageni kutoka Mumias litakuwa na kiti chake mwenyewe nyuma, na bwana harusi hatapanda basi hilo hata kidogo. Mpiga picha ameshaambiwa kwamba picha ya familia ni mbili, na wifi ndiye atakayesimama mlangoni siku hiyo kuhakikisha hazichanganywi.