Bei ya petroli ikipanda, anza na gari lako

Kwa kawaida EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo (ya juu kabisa kituo kinayoruhusiwa kuuza) Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mbeya huwa juu kuliko Dar, maana gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini imo humo humo. Ikiongezeka shilingi 100 kwa lita, tenki la lita 40 linakula 4,000 zaidi.

Pima ulaji kwanza. Jaza fulu tenki mpaka pampu ijikate, andika kilometa, tembea wiki, kisha jaza tena kituo kilekile. Kilometa 300 kwa lita 25 ni 12 kwa lita. Mshale wa geji usiuamini.

Bodaboda ya kabureta iliyosetiwa Dar ikipanda Uyole, Mbeya, hula zaidi: huku juu hewa ni nyepesi, petroli inazidi kwenye mchanganyiko. Fungua plagi. Ikiwa na masizi meusi makavu, safisha filta ya hewa, kisha fundi aseti kabureta upya.

Na mlima Kitonga, kule Iringa, usishuke na nyutro, jamani! Gari la EFI (lisilo na kabureta, kompyuta ndiyo inapima mafuta) likiwa kwenye gia, ukiachia pedeli, nozeli huacha kumwaga mafuta. Kwenye nyutro injini inaendelea kunywa, na breki zinaungua.